Programu mpya, mwongozo wa kale: kuzitafuta na kuziondoa kurasa za man zilizobaki nyuma

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi aliniita mezani kwake. Alikuwa amesakinisha Git mpya (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) kutoka msimbo chanzo kwenye seva yenye Ubuntu 18.04. `git --version` ilimjibu 2.43.0, na `git switch` ilifanya kazi bila shida. Lakini alipoandika `man git-switch` ili asome maelezo (`man` ni amri inayofungua kurasa za mwongozo ndani ya terminali), alipata mstari mmoja tu: `No manual entry for git-switch`.

"Kaka, nimekosea wapi? Programu ipo, mwongozo haupo."

Hakuna alipokosea, ila kuna jambo hakuwa ameambiwa. Programu na mwongozo wake ni vitu viwili, na vinaweza kuingia kwenye mashine kwa milango tofauti. Ukipandisha toleo kwa `apt`, kisakinishi cha vifurushi cha Ubuntu na Debian, vyote viwili vinakuja pamoja na vya zamani vinaondoka pamoja. Ukipita mlango mwingine, yaani msimbo chanzo, faili la `tar` lililokwisha kutengenezwa au folda ya `/opt`, hakuna anayekuhakikishia kwamba mwongozo umebadilika. Kwa Git hasa, `make install`, amri inayosakinisha kilichotengenezwa kutoka msimbo chanzo, huweka programu peke yake. Mwongozo uliokuwa ukisomwa kwenye seva ile ulikuwa wa Git 2.17.1, toleo linalokuja na Ubuntu 18.04. `git switch` ilianza kwenye 2.23, Agosti 2019, kwa hiyo mwongozo ule usingeweza kuieleza.

Ukurasa kukosekana kabisa ni afadhali, maana tatizo linajitangaza lenyewe. Hatari kubwa ni ukurasa uliopo, unaosomeka vizuri, kumbe unaeleza toleo lingine. Chukua mtu aliyeweka Git mpya juu ya CentOS 7 (mfumo mwingine wa Linux), ambayo ilikuja na Git 1.8.3.1. Akifungua `man git-config` na kusoma kuhusu `push.default`, ataambiwa kwamba chaguo-msingi ni `matching`, yaani `git push` inasukuma kwenye seva matawi yote (mistari sambamba ya kazi) yenye majina yanayolingana pande zote mbili. Tangu Git 2.0 ya mwaka 2014 chaguo-msingi ni `simple`, ambayo inasukuma tawi ulilopo tu. Msomaji huyu anaamini matawi yake matano yamefika kwenye seva, kumbe limefika moja. Hakuna ujumbe wa kosa, na hakuna kilichoharibika cha kumshtua.

Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito. Wengi wetu tunanunua bando kwa pesa ya mfukoni, na ukiwa ndani ya seva kupitia mtandao unaosuasua, ukurasa wa man ndio mwalimu pekee aliye karibu. Mwalimu huyo akifundisha mtaala uliofutwa, anayeumia ni mwanafunzi.

Kabla ya kufuta chochote

Nimeona watu wakianza na `rm`. Usianze hapo. Kwanza ijue programu inayoitikia, kisha ukurasa unaosomwa, kisha mwenye faili hilo.

Programu inayoitikia:

`type -a git`

Kwenye seva ya kijana wetu majibu yalikuwa mistari miwili: `git is /usr/local/bin/git`, na chini yake `git is /usr/bin/git`. Git mbili ndani ya mashine moja, na ya juu ndiyo inayotumika.

Ukurasa unaosomwa:

`man -wa git`

Chaguo `-w` linaiambia `man` itaje faili ambalo ingelifungua badala ya kulifungua, na `-a` linaiambia itaje yote. Jibu lilikuwa moja tu: `/usr/share/man/man1/git.1.gz`. Tazama njia hizo mbili kwa makini. Programu iko chini ya `/usr/local`, mwongozo uko chini ya `/usr`. Zikitofautiana hivyo, tatizo umeshaliona kwa macho. Ukitaka uthibitisho, fungua ukurasa na ubonyeze `G` ushuke hadi mstari wa mwisho kabisa. Kona ya kushoto huandikwa jina na toleo, katikati tarehe, kulia jina la ukurasa. Pale paliandikwa Git 2.17.1. Si kila programu inaandika toleo kwenye mstari huo, lakini tarehe peke yake mara nyingi inatosha kukushtua.

Mwenye faili, yaani kifurushi kilicholileta:

`dpkg -S /usr/share/man/man1/git.1.gz`

Jibu: `git-man`. Yaani hata ndani ya Ubuntu na Debian, mwongozo wa Git ni kifurushi chake chenyewe, na kifurushi `git` kinadai `git-man` ya toleo lilelile. Fungamano hilo ndilo unaloliacha nyuma unapotoka nje ya `apt`. Kwenye Fedora na ndugu zake, swali hilohilo linaulizwa kwa `rpm -qf`. `dpkg` ikikujibu `no path found matching pattern`, faili lililetwa kwa mkono na hakuna kifurushi kinacholimiliki.

Programu ni mpya, ukurasa ni wa kale au haupo

Kisa cha kawaida ni hiki cha kijana wetu: mwongozo mpya haukusakinishwa kabisa. Kwa Git dawa ni rahisi. Kwenye kernel.org, palepale unapochukua msimbo chanzo, kuna faili la kurasa za man zilizokwisha kutengenezwa kwa kila toleo. Chukua lenye namba ileile ya programu yako, kisha:

`sudo tar -xf git-manpages-2.43.0.tar.xz -C /usr/local/share/man --no-same-owner --no-overwrite-dir`

Namba isomwe mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Ukichukua ya 2.42 kwa sababu ndiyo ilikuwa tayari kwenye folda yako ya vipakuliwa, utakuwa umetibu ugonjwa kwa ugonjwa.

Njia ya pili ni kuutengeneza mwenyewe: `make prefix=/usr/local doc`, halafu `sudo make prefix=/usr/local install-doc`. Inahitaji `asciidoc` na `xmlto`, na viwili hivyo vinavuta vifurushi vingi nyuma yao. Mwenye bando dogo achukue faili la kernel.org na asonge mbele na kazi.

Angalia hiyo `prefix`, yaani folda ya msingi ya usakinishaji. Git usipoitajia, inajisakinisha kwenye folda yako ya nyumbani, programu ndani ya `~/bin`. Ukitumia `prefix=/usr/local` kwenye programu na ukaisahau kwenye mwongozo, mwongozo utaishia nyumbani kwako, na wenzako kwenye seva hiyohiyo wataendelea kusoma wa kale. Wewe, ikiwa `~/bin` imo kwenye `PATH` yako (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa), utaona kila kitu sawa, wao watalalamika, na mtabishana bure kutwa nzima.

Kwa programu nyingine, `make install` mara nyingi huleta na mwongozo, lakini si lazima. Baadhi hutengeneza kurasa hizo pale tu zinapokuta chombo fulani kwenye mashine. Chombo kisipokuwepo, hatua ya `configure`, inayokagua mashine kabla ya programu kutengenezwa, inaandika mstari mmoja kwamba nyaraka zimerukwa, kisha inaendelea kama kawaida. Mstari huo unapita kati ya mingine mia mbili. Hifadhi matokeo ya `configure` kwenye faili na utafute humo neno `man` au `doc`.

Kuna jambo moja la Git linalowachanganya hata wazoefu. `git help log` na `man git-log` zinaweza kukufungulia kurasa mbili tofauti. Git inapofungua mwongozo yenyewe, hutanguliza njia iliyoandikwa ndani yake wakati wa kutengenezwa, nawe unaweza kuiona kwa `git --man-path`. `man` peke yake haiijui njia hiyo. Kwa hiyo mmoja akisema "kwangu uko sawa" na mwingine "kwangu ni wa zamani", waulize kwanza kila mmoja ameandika amri gani.

Na ukiwa na haraka, `git switch -h` hutoa muhtasari wa machaguo kutoka ndani ya programu yenyewe, hautoki kwenye ukurasa wowote. Muhtasari huo hauwezi kupishana na toleo unalotumia. Kwa Python ni vivyo hivyo: `python3 -m pydoc` husoma maelezo yaliyomo ndani ya moduli zilizosakinishwa, basi yanakwenda sambamba na msimbo wake.

Zote mbili zipo, lakini ya kale ndiyo inayofunguka

`man -wa` inataja faili mbili, na la juu ni la zamani. Hapa tatizo ni mpangilio wa njia, usakinishaji hauna kosa. Andika:

`manpath`

Kama kabla ya jibu unaona onyo `manpath: warning: $MANPATH set, ignoring /etc/manpath.config`, mhalifu umeshampata. Mtu fulani, pengine wewe mwenyewe miaka mitatu iliyopita, aliandika kwenye `~/.bashrc`, faili linalosomwa kila terminali inapofunguliwa, kitu kama `export MANPATH=/opt/zana/share/man`. Kigezo hicho kikiwekwa hivyo, `man` inaachana na orodha yake ya kawaida na kufuata hicho tu.

Suluhisho ninalolipendelea ni kuufuta mstari huo. `man` ya mifumo hii inajua kujitafutia: inatazama `PATH` yako na kukisia folda za mwongozo kutokana nayo, kwa mpangilio uleule. `/usr/local/bin` ikitangulia `/usr/bin`, basi `/usr/local/share/man` itatangulia pia. Kama una sababu ya kweli ya kuongeza folda, malizia na nukta mbili: `export MANPATH=/opt/zana/share/man:`. Nukta mbili za mwishoni zinaiambia `man` iongeze orodha yake ya kawaida baada ya hiyo yako. Zikiwa mwanzoni, orodha ya kawaida ndiyo inayotangulia. Alama moja, na matokeo yanageuka kabisa.

Ukibadilisha, fungua terminali mpya. Ile ya zamani bado inashikilia kigezo cha zamani.

Kinyume chake: mwongozo mpya, programu inajibu ya kale

Hii hutokea dakika chache baada ya kusakinisha. `man` inaonyesha 2.43, `git --version` inasema 2.17.1, na mtu anaanza kusakinisha upya. Subiri. Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, hukumbuka mahali ilipoikuta programu mara ya kwanza. Andika `type git`. Ikijibu `git is hashed (/usr/bin/git)`, basi `hash -r` inamaliza kazi.

`man -k` inatoa majibu ya kale

Ukurasa mpya unafunguka ukiutaja kwa jina, lakini ukitafuta kwa neno, `man -k` au `apropos` haiuonyeshi. Au inaonyesha amri iliyokwisha kuondolewa. Sababu ni kwamba utafutaji huo hausomi kurasa zenyewe, unasoma faharasa iliyotunzwa ndani ya `/var/cache/man`. `apt` ikileta kurasa mpya chini ya `/usr/share/man`, faharasa huamshwa papo hapo. Ndiyo maana ya ule mstari wa `Processing triggers for man-db` unaouona kila siku. Ulichoweka kwa mkono chini ya `/usr/local` hakimwamshi mtu.

`sudo mandb`

Ikigoma kubadilika, `sudo mandb -c` inaijenga faharasa upya tangu mwanzo. Kuna pia kazi ya kila siku inayofanya usafi huu yenyewe, ndiyo maana wengine hulala na tatizo na kuamka halipo.

Nimesakinisha upya mara tatu, ukurasa hauji

Uko ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu? Picha za kontena (violezo linavyoanzia) za Ubuntu na zile nyembamba za Debian hupunguzwa makusudi. Tazama ndani ya `/etc/dpkg/dpkg.cfg.d/`; kwenye Ubuntu faili linaitwa `excludes`, na humo utakuta `path-exclude=/usr/share/man/*`. `dpkg` inaheshimu agizo hilo: kila ukisakinisha, inaruka kurasa za man, na itaruka hata mara ya kumi. Fedora hufanya hivyo kwa mstari `tsflags=nodocs` kwenye `/etc/dnf/dnf.conf`.

Kwenye Ubuntu kuna amri ya `unminimize` inayorudisha vilivyoondolewa; kwenye 24.04 ni kifurushi unachosakinisha kwanza. Kwenye Fedora, ondoa mstari ule kisha `dnf reinstall`. Lakini kwa maoni yangu kontena la kazi lisibebeshwe mwongozo. Soma kwenye mashine yako, mradi uwe na toleo lilelile. Shida inaanza pale kompyuta yako ina toleo moja na kontena lina lingine, nawe unasoma huku ukitekeleza kule. Hapo linganisha `--version` za pande zote mbili kabla ya kuamini chaguo lolote.

Mashine imewekwa Kifaransa

Hili liwafikie wenzetu wa Goma, Lubumbashi na Bujumbura. Kompyuta ikiwa kwa Kifaransa na kifurushi `manpages-fr` kikiwepo, `man ls` hutafuta kwanza ndani ya `/usr/share/man/fr`. Tafsiri hufanywa baada ya maandishi ya asili, kwa hiyo inaweza kubaki nyuma ya programu hata pale ambapo kila kitu kimetoka kwa `apt` na hakuna aliyegusa kitu kwa mkono. `man -w ls` itakuonyesha hiyo `fr` katikati ya njia. Ukitaka ya asili kwa mara moja tu: `LC_ALL=C man ls`. Hakuna haja ya kufuta tafsiri. Mwenzako anayeanza leo anaihitaji.

PostgreSQL: mwongozo ulioganda kwenye toleo moja

Debian na Ubuntu huruhusu matoleo kadhaa ya PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, kukaa pamoja, na kila toleo lina kurasa zake chini ya `/usr/share/postgresql/`. Ukurasa wa `man psql`, mwongozo wa programu ya kuingilia PostgreSQL kwenye terminali, ni kiungo tu, na kinachoamua kinaelekea wapi ni mfumo wa `update-alternatives`. Ukiwa wa kujiendesha, unachagua toleo la juu zaidi. Lakini mtu akishachagua kwa mkono hata mara moja, chaguo lake linabaki pale toleo jipya linapokuja.

`update-alternatives --display psql.1.gz`

Ikisema `manual mode`, irudishe: `sudo update-alternatives --auto psql.1.gz`. Nyaraka ndefu za HTML nazo ni vifurushi vyenye namba, kama `postgresql-doc-14`, na kusakinisha ya 14 hakuondoi ya 12. Kama 12 hutumii tena, iondoe, na usahihishe alamisho kwenye kivinjari chako, maana ndiyo inayokurudisha huko kila mara. Ukisoma mtandaoni, tazama anwani: injini za utafutaji hupenda kukuletea kurasa za matoleo ya zamani, na namba ya toleo iko wazi ndani ya anwani yenyewe. Badilisha namba hiyo iwe ya kwako, au weka `current`.

Kuondoa za kale bila kuvunja nyumba

Faili linalomilikiwa na kifurushi usilifute kwa `rm`. `apt` italirudisha kwenye sasisho lijalo, na wewe utadhani kuna mzimu. Wala usikimbilie `apt remove git-man`, kwa kuwa `git` ya mfumo inakitegemea na itaondoka nacho, pamoja na kila kinachotegemea `git`. Soma orodha inayotolewa kabla ya kujibu `y`. Mara nyingi si lazima kuiondoa kabisa: ukurasa mpya ukiwa chini ya `/usr/local/share/man` na `manpath` ikiwa sawa, wa kale unabaki kivulini na haumdhuru mtu.

Zinazohitaji kufutwa kweli ni zile ulizoleta kwa mkono zamani. Usakinishaji mpya huandika juu ya faili zenye jina lilelile, lakini haufuti ukurasa wa amri ambayo toleo jipya limeiacha. Ukurasa huo utaendelea kufunguka miaka nenda rudi. Na Git haina `make uninstall`, kwa hiyo itabidi uzitafute mwenyewe:

`find /usr/local/share/man -name 'git*' ! -newermt 2023-11-01`

Tarehe weka ya kwako, iwe kabla kidogo ya toleo unalotumia. Kurasa ulizofungua kutoka faili la `tar` hubaki na tarehe zilizomo ndani yake, basi soma orodha yote kwanza, ukihakiki mojamoja kwa `dpkg -S`. Kisha ndipo ufute, halafu `sudo mandb`.

Kijana wetu tulimsafishia hivyo, na tukachukua saa nzima. Safari iliyofuata alitumia GNU Stow. Kila toleo linasakinishwa ndani ya folda yake, programu na mwongozo pamoja, kwa mfano `prefix=/usr/local/stow/git-2.43.0`, na Stow inaweka viungo tu kuelekea `/usr/local`. Siku ya kupandisha toleo unaingia `/usr/local/stow`, unaandika `sudo stow -D git-2.43.0`, na viungo vyote vya toleo hilo, vya programu na vya kurasa za man, vinaondoka kwa mkupuo mmoja. Kisha `sudo stow` na jina la folda mpya, `hash -r`, `sudo mandb`, na `man -w git` kuhakikisha njia inaanza na `/usr/local`.